Nchi Inayogeuzwa Kila Msimu

Nchi ya Tifutifu haimo kwenye ramani yoyote, ingawa kila mwenye miguu ameikanyaga. Iko chini ya shamba la mahindi, kando ya barabara ya vumbi, na mipaka yake ni ile ile ya shamba: huku mkonge, huku mfereji uliokauka, huku shamba la jirani, na huku nyumba ya mama mmoja anayeishi peke yake. Mama huyo ndiye aliyefika huko. Jina lake ni Nakiete, lakini watu humwita Mama Mbonea, kwa jina la mwanawe wa pekee.

Alifikaje? Alipiga magoti shambani, siku chache kabla ya mvua, aone kwa nini ardhi imekuwa ngumu kama sakafu ya zahanati. Akachimba kwa vidole, ardhi ikagoma. Akachimba tena kwa hasira, na kufumba na kufumbua akawa yuko chini. Anayetaka maelezo zaidi ya hayo akapige magoti mwenyewe.

Nakiete alikuwa afisa afya mstaafu. Miaka yote ya kazi alikagua mabucha, visima na vyoo vya shule, na choo kibovu alikiita kibovu hata kama mwenyewe ni diwani. Kwa hiyo alipojikuta Tifutifu hakupiga kelele wala hakuomba msaada. Alijikung'uta magoti akaanza kukagua.

Jambo la kwanza aliloliona ni usafi. Hapakuwa na jani, bua wala kijiti. Njia zote zilikuwa tupu, zimekwanguliwa, na joto lilishuka kutoka juu moja kwa moja kama vile mtu ameezua paa la nchi nzima akasahau kulirudisha. Wakazi walikuwa wengi mno, wembamba, wadogo, kila mmoja kakaa mlangoni pake akitazama ukuta wake. Jambo la pili lilikuwa kimya. Watu wote hao, na hakuna aliyekuwa akizungumza na mwenzake.

"Hodi hapa!" alisema Nakiete. "Habari za hapa?"

Waliomsikia waligeuza nyuso. Hawakufanya hivyo kwa dharau. Waligeuka kama mtu anayekwepa jua lisimwingie machoni.

"Usijisumbue, mama," ikasema sauti nyuma yake. "Hapa hatusalimiani mpaka katikati ya msimu."

Aliyesema alikuwa mwanamke mrefu, mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na kwenye ncha za vidole vyake zilitoka nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyingi zilikuwa zimekatika, zinaning'inia. Mmoja tu ulikuwa mzima, nao ulipita miguuni pake ukazama kwenye ufa wa ardhi. Alijitaja kuwa anaitwa Utando.

"Na kwa nini hamsalimiani?" Nakiete akauliza. "Mmegombana?"

"Tungegombana tungekuwa angalau tunajuana," alisema Utando. "Ni kwa sababu ya Geuzo. Kila msimu kabla ya mvua chuma kinapita, na nchi inageuzwa. Wa juu anakwenda chini, wa chini anatupwa juu, wa huku anaangukia kule. Jirani yako wa leo hutamwona tena. Sasa umsalimie, umjue jina, umjue anachopenda, halafu chuma kipite katikati yenu? Watu wamechoka. Wanasubiri nusu ya msimu ipite, wanasalimiana kidogo, halafu wanaanza kuogopa, wananyamaza tena."

"Huyo anakudanganya," ikadakia sauti ya tatu. "Mimi ananisalimia kila siku. Kwa matusi."

Alikuwa mzee mfupi, mviringo, amejikunja mlangoni kama mtu anayeumwa na tumbo.

"Wewe si wa kusalimiwa, Fundo," Utando akamjibu. "Wewe ni wa kufukuzwa kama inzi."

"Mama mgeni, sogea huku. Ukikaa karibu na huyo atakufunga nyuzi miguuni akakuuze sokoni."

"Yeye ningemuuza, ana afya. Wewe nikikuuza, nani atanunua tumbo tupu?"

Wote wawili wakacheka, na wakazi wa karibu wakawatazama kwa hofu. Nakiete akaelewa kwamba hawa ni watani, na kwamba katika nchi ile nzima huenda wakawa watani wawili tu waliobaki. Geuzo lililopita liliwaangusha tena mlango kwa mlango. Ilikuwa bahati tupu, na wala hawakuitegemea kutokea tena.

Alikaa kwao. Kila siku alitoka kukagua, na aliyoyaona katika nchi ile ni haya.

Tifutifu ina sheria ya Posho. Kila msimu mvua ya chembe nyeupe humwagwa kutoka juu, na kila mzizi hupata fungu lake mdomoni. Zamani, kabla ya Posho, palikuwa na Soko la Mizizi. Mizizi ilishuka na sukari, na watu wa ukoo wa Utando waliiletea maji na madini kutoka mbali, kwenye vijipenyo ambavyo mzizi hauwezi kuingia. Bei zilipandishwa na kushushwa kwa kelele. Watu walioana pale, walidaiana pale, walisutana pale. Posho ilipoanza, mizizi ilishiba bila kutoka nyumbani, ikaacha kufungua milango. Nakiete alikwenda kuliona soko. Lilikuwa uwanja mrefu mtupu, na karani mmoja amekaa katikati.

"Mbona hakuna watu?" alimwuliza.

"Soko liko wazi," karani akasema.

"Nauliza watu."

"Watu hawapo. Lakini hatujalifunga."

Ukoo wa Fundo nao ulikuwa na kazi yake. "Sisi tulikuwa tunapika hewa," Fundo alimweleza. "Unacheka nini? Hewa hii hii unayovuta. Tulikaa kwenye vinundu vya mizizi ya maharage, tunaikamata, tunaipika, inakuwa chakula. Maharage anakula, anatupa sukari, na mabaki yanashibisha mtaa mzima. Siku hizi ni mahindi, baada ya mahindi ni mahindi. Mimi sijaona haragwe tangu nilipokuwa kijana mwenye kiuno."

"Hukuwahi kuwa na kiuno," alisema Utando.

Kuna pia sheria ya Usafi. Baada ya mavuno, mabua na majani, ambayo zamani yalishuka polepole yakawa chakula na kivuli cha nchi, huchomwa moto au hubebwa. Nchi hubaki uchi mbele ya jua. Ofisi ya Usafi hutoa cheti kwa mtaa usio na takataka hata moja, na wakazi wa mtaa huo hupokea cheti wakiwa wamekaa, kwa sababu hawana nguvu za kusimama. Takataka ndizo zilizokuwa mlo wao. Nakiete alikuwa ameandika vyeti vya usafi maisha yake yote. Alisimama mbele ya mtaa ule uliopewa tuzo, na kwa mara ya kwanza akauchukia usafi.

Njaa ilipozidi, watu walianza kula kuta. Kuta za Tifutifu zilijengwa na mababu kwa mabaki ya misimu mingi, nyeusi, laini, zenye vyumba vya kupitisha maji na hewa. Mwanzoni walizimega kwa kificho, sasa walizimega mchana. Nyumba nyingi zilikuwa zimefika magotini. Zikiporomoka, vumbi lake lilishikana likawa gumu, na maji yakaanza kupita juu bila kuingia. Serikali haikuita jambo hilo njaa. Iliita Mpango wa Kupunguza Kuta.

Halafu iko Siku ya Dawa. Harufu kali hushuka, na wakazi hufunga milango. Asubuhi yake karani hupita akihesabu. Wasioitika huandikwa kuwa wamehama.

"Wamehamia wapi?" Nakiete aliuliza.

"Hawakuacha anwani," karani alisema.

Lakini jambo lililomshika Nakiete kuliko yote lilikuwa ule uzi mmoja wa Utando uliozama kwenye ufa. Utando hakuuacha hata kidogo. Alikula akiwa ameushika, alilala ameuviringisha kidoleni. Nakiete akamwuliza siku moja, wazi wazi kama kawaida yake, anavua nini humo.

"Namvua mwanangu," alisema Utando.

Alikuwa na binti anayeitwa Wavu. Kwa msimu mmoja walikuwa pamoja, nyuzi zao zimeshikana kwa namna ambayo mmoja akinywa maji mwingine kiu inapungua. Geuzo likaja. Chuma kikapita katikati yao, na Wavu akaanguka chini ya Sakafu. Sakafu ni tabaka gumu ambalo chuma chenyewe kimelishindilia kwa kupita kina kile kile kila msimu. Juu yake kuna maisha ya taabu. Chini yake kuna giza, na hakuna aliyewahi kurudi.

"Niliona ufa huu, nikaanza kutuma uzi," Utando aliendelea. "Umekwenda, umekwenda. Na sasa kuna mwingine unapanda kutoka chini."

"Unajuaje kuwa ni wake?"

"Mama Mbonea, mwanao akikohoa chumba cha pili huwezi kumjua?"

Ni miaka mingi hakuna aliyekohoa chumba cha pili.

"Umebaki mwanya mdogo kama kucha," alisema Utando. "Lakini pamekauka, uzi haupenyi. Mvua moja tu. Ardhi ikilowa, tunashikana. Tatizo ni kwamba mvua haijawahi kutangulia chuma. Siku zote chuma kwanza."

"Basi kizuieni hicho chuma!"

Fundo alicheka mpaka akashika mbavu. "Mpeleke Barazani," akamwambia Utando. "Kesho ni kikao. Mama huyu anafaa kuwatia presha."

Baraza la Tifutifu hukutana kila msimu kabla ya Geuzo, chini ya Mheshimiwa Kifusi, Waziri wa Geuzo. Alikuwa mtu mkubwa aliyeshikana vibaya. Kila akisogea, kipande chake kilimomonyoka, na msaidizi alikiokota akakirudisha. Hoja ya siku ile ilikuwa kupungua kwa mahindi. Kila msimu Posho iliongezwa, na kila msimu mahindi yalizidi kuwa madogo. Wajumbe walijadili kwa uzito mkubwa. Mmoja alipendekeza Geuzo liende chini zaidi. Mwingine alisema ligeuze mara mbili, ya kwanza kugeuza nchi, ya pili kuirudisha ilivyokuwa. Wa tatu alisema kosa ni la ukoo wa Fundo, ambao ni wavivu na wamenenepa.

"Nimenenepa kwa kula nini?" Fundo akafoka kutoka nyuma. "Nitajie sahani!"

"Utaratibu, utaratibu," alisema Kifusi. "Tuna mgeni. Mama, tusalimie."

Nakiete akasimama. "Salamu mtanisamehe, naambiwa si msimu wake. Nina swali. Kati yenu nani amewahi kuona nchi hii ikiachwa bila kugeuzwa?"

Wajumbe wakatazamana.

"Swali lako limepokelewa," alisema Kifusi.

"Sitaki lipokelewe. Nataka lijibiwe."

"Mama, nchi isiyogeuzwa huoza. Geuzo huleta hewa."

"Huleta hewa siku moja, halafu mnakaa msimu mzima hamwezi kupumua. Nimekagua. Maji hayaingii, kuta zimeliwa, watu hawajuani. Mtu hawezi hata kumshika mwanawe. Acheni msimu mmoja tu. Mwone."

Pakawa na mnong'ono, na kwa muda mfupi ilionekana kama watu wale wangesema kitu. Kifusi akaguna, kipande cha bega kikaanguka.

"Mama anadhani sisi ndio tunaoamua Geuzo," alisema kwa upole. "Geuzo linatoka Juu. Baraza hili haliamui Geuzo."

"Sasa mnakaa hapa kuamua nini?"

"Namna ya kulipokea. Mwaka jana tulilipokea tukiwa tumeinama. Mwaka huu kuna hoja ya kulipokea tukiwa tumekaa."

"Na huyo Juu ni nani?"

Baraza zima likainamisha vichwa. Kifusi akaeleza kwamba Juu anaona kila pembe ya nchi, anajua kila ukoo kwa hali yake, na hajawahi kukosea, kwa sababu kama angekosea angeshaambiwa.

Nakiete alianza kucheka. Aliijua ile trekta inayovuta chuma chao. Alimjua anayeituma. Mbonea alinunua shamba lile kwa picha alizotumiwa kwenye simu, akiwa mjini, na tangu hapo amelima kwa simu. Kwa simu aliagiza trekta, mbegu, mbolea na dawa ya magugu. Udongo wa shamba lake hajawahi kuushika, wala hajui ni mwekundu au mweusi.

"Huyo Juu wenu nimemzaa mimi," alisema. "Nimemfuta makamasi. Haoni pembe yoyote. Hata mimi hajaniona, huu mwaka wa ngapi sijui."

Kicheko kilimwishia njiani. Hakuna aliyecheka naye. Kifusi alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa wa homa, kisha akauliza kama kuna anayeunga mkono hoja ya kukaa. Ikapita kwa kura nyingi.

Walirudi watatu. Walipofika mlangoni Utando akauliza, "Ni kweli ni mwanao?"

"Kweli."

"Basi kwa nini usimwambie?"

Nakiete alikaa chini. Hakuwa mtu wa kujieleza, lakini katika nchi ile hapakuwa na wa kumsengenya.

"Ananipigia kila Jumapili," alisema. "Anauliza, trekta imekuja? Mbolea imefika? Dawa umepiga? Namjibu imekuja, imefika, nimepiga. Anasema haya Mama, Jumapili nyingine. Hatuna mazungumzo mengine. Ameniletea jiko la gesi, ameniletea tangi la maji, kila mwezi anatuma matumizi, sijalala njaa. Kosa lake silioni. Sasa nikimwambia asilete trekta, Jumapili ataniuliza nini?"

Utando alikuwa akiuchezea uzi wake kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto aliyelala.

"Siahidi kitu," Nakiete akasema.

"Sijakuomba."

"Najua hujaniomba. Ndicho kinachoniudhi."

"Ukimwona," alisema Fundo, "mwambie posho yake ina chumvi mno."

Ndipo ardhi ilipoanza kutetemeka. Ulikuwa mngurumo wa mbali, wa chini, na kila mkazi wa Tifutifu aliujua. Kwa pamoja wakakaa, kama Baraza lilivyopitisha. Wakafumba macho. Sheria inamtaka kila mwenye uzi auvute wakati huo na kuukunja, ili chuma kisisumbuke. Nakiete alimwona Utando ameinama juu ya ufa, mkono wote ndani hadi kwapani, hakuvuta hata kidogo.

"Subiri hapo hapo," Nakiete alimwambia. Njia ya kurudi ilikuwa fupi kuliko ya kwenda.

Trekta ilikuwa imeshaingia shambani, plau inashushwa. Dereva wake, kijana wa kijiji cha pili anayeitwa Chedieli, alimwona mama mwenye udongo hadi kwenye nyusi amesimama mbele ya taa.

"Mama Mbonea, shikamoo. Sogea basi, tutagongana."

"Marahaba. Zima."

"Bosi amesema nimalize kabla ya saa sita."

"Bosi nimemzaa mimi. Zima hiyo kitu, Chedieli."

Akazima. Akampigia bosi, akaeleza kwa sauti ya chini, kisha akamnyooshea Nakiete simu kwa vidole viwili.

"Mama, kuna nini?" ilisema sauti ya Mbonea. Nyuma yake palikuwa na kelele za ofisi. "Dereva anasema umesimama mbele ya trekta."

"Nimesimama. Shamba halilimwi mwaka huu."

"Halilimwi? Kivipi?"

"Halipinduliwi. Nitalifunika mabua, nitatoboa mashimo, nitapanda mahindi na maharage pamoja. Na mbolea yako punguza. Dawa usilete kabisa, nitapalilia."

"Maharage? Mama, mimi kwenye mpango wangu sina maharage."

"Wewe una mpango wa shamba usilojua liko upande gani wa barabara."

"Si liko kulia?"

"Ukitokea wapi?"

Chedieli akageuka upande akajifanya kukagua tairi.

"Mama, mavuno yakishuka itakuwaje?"

"Yanashuka kila mwaka, Mbonea. Unaongeza mifuko, magunia yanapungua. Unadhani mimi nakuficha?"

"Hapana, lakini haya nani kakwambia? Kuna mtaalamu alikuja?"

"Nimeongea na wakazi."

"Wakazi gani, Mama? Huko si uko peke yako?"

Nakiete alilitazama shamba. Lilikuwa tupu, limenyooka, halina hata kivuli cha kunguru.

"Ndiyo," alisema. "Niko peke yangu."

Upande wa pili mtu alimwita Mbonea kwa jina la ukoo, akajibu nakuja. Kisha akasema, kwa adabu, kwa sauti ile anayotumia kwa wateja, "Sawa, Mama. Fanya unavyoona. Mimi basi hapo sina tena la kusimamia."

Simu ikawa kimya. Nakiete akamrudishia Chedieli simu yake, na trekta ikatoka shambani kwa kinyumenyume, plau hewani.

Aliokota mabua. Majirani walikuwa wameyarundika mipakani tayari kuyachoma, akaomba, wakampa wakicheka. "Mama Mbonea, siku hizi unalifunika shamba blanketi?" Akawajibu kwamba ndiyo, na wao walale na baridi. Kazi ile ni ya watu sita, naye aliifanya mmoja, mchana kutwa, na kesho yake, na kesho yake tena, mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Kila alipoweka fungu alilishusha polepole.

Mvua ikaja usiku wa Jumamosi, ya kwanza, bila chuma kuitangulia. Asubuhi alitoka akapiga magoti, akasogeza mabua akaweka sikio chini. Alisikia maji yakiingia. Hayakukimbilia mferejini kama miaka yote, yaliingia. Zaidi ya hapo hakusikia kitu. Alichimba kidogo kwa kidole, kwa upole safari hii, na udongo ukampisha hadi kiungo cha pili ukaishia hapo. Njia ya Tifutifu haikufunguka. Kama kule chini uzi umeshika uzi, au umepita kando kwa upana wa kucha, hakuna wa kumwambia.

Alikwenda ibadani, akarudi, akavua gauni zuri, akakaa kibarazani. Saa ya Mbonea kupiga ilifika ikapita. Nakiete alijiambia kwamba alilijua hilo, na kwamba mtu mzima hakai kuitazama simu kama mbuzi anavyotazama pumba. Akaingia ndani. Akatoka tena.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea simu ilipoita.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba."

Basi. Wote wawili wakasubiri. Trekta haikuwepo ya kuuliza, wala mbolea, wala dawa. Nakiete alisikia gari likipita nyuma ya Mbonea, na baadaye jingine. Alitaka kumsaidia, amtajie lolote, bei ya mahindi, paa linalovuja. Akajizuia. Alingoja.

"Huko kumenyesha?" Mbonea akauliza hatimaye.

"Kumenyesha."

"Na wewe... umekula?"

Nakiete alitazama jikoni. Jiko la gesi lilikuwa safi, linang'aa, limefunikwa kitambaa.

"Bado," alisema.

"Saa hizi? Kwa nini, Mama?"

Angeweza kumwambia alikuwa na kazi, na ingekuwa kweli.

"Kupikia mtu mmoja kunachosha," alisema.

Mbonea hakujibu. Lakini hakuaga pia. Gari la tatu likapita, la nne likapita, na pumzi yake ilikuwa bado ipo pale pale, sikioni mwa mama yake.